Moshi Juu ya Mabati ya Bluu

Joyline alivyosimulia, alikuwa ameketi sokoni Karurumo na ndizi zake, hata mkungu wa pili hajaumaliza, alipoinua macho akaona moshi ukitoka kwenye jiko la Njagi. Si moshi wa jirani, alisisitiza, wala si wa mtu anayechoma takataka za shamba. Jiko hilo liko nyuma ya nyumba ya mabati ya bluu, ng'ambo ya kijito, peke yake juu ya mteremko, na Karurumo yote haina mabati mengine ya rangi ile. Moshi ulitoka mzito, mweupe, ukapanda na kutulia juu ya nyumba kama mgeni aliyeambiwa akae. Wanawake waliokuwa wakiuza karibu naye waliutazama, wakatazamana, na mmoja akasema pole pole kwamba kwa Mama Njagi hatimaye wamepata mtu wa kuwasha.

Kinya, huku Mitunguu, alikuwa akimenya ndizi mbichi za mchana, mikono ameipaka mafuta ya kupikia ili utomvu usishike. Hakusimamisha kisu. Alimjua Joyline. Jirani huyu akikuletea habari, huileta ikiwa imeshaogeshwa na kuvishwa nguo, na ni juu yako kuivua uone mwili wake.

"Uliona mtu?" aliuliza.

"Mtu sikuona. Siwezi kukudanganya. Lakini niliona nguo."

"Nguo gani?"

"Kitenge, kimeanikwa kwa waya. Cha tausi." Joyline alisita, akachukua kipande cha ndizi sufuriani akawa anakigeuzageuza. "Kama ile rinda yako, Kinya. Rangi ni hiyo hiyo, ndege ni hao hao. Nikasema hii maneno wacha nimpelekee mwenyewe, asije akaambiwa na watu wabaya."

Hapo kisu kilisimama.

Kwa Waembu wa upande wa kina Njagi, na hata huku Imenti kwa wazee wa Kimeru wa zamani, nyumba mpya haiwashwi moto ovyo. Unaweza kuweka marumaru na madirisha ya kioo, unaweza kufunga geti la chuma, lakini jiko lake hukaa baridi mpaka mwanamke wa nyumba hiyo aletwe. Siku hiyo mama mzazi wa mwanamume huchota makaa katika mafiga yake mwenyewe, akayaweka kwenye kigae cha chungu, akampa mkaza mwana mkononi. Kutoa makaa ndiko kusema, wewe ndiye. Baada ya hapo hakuna mtu anayeuliza tena.

Nyumba ya Njagi, mchumba wa Kinya, ilikuwa imekaa baridi tangu ilipoezekwa. Mwenyewe yuko Doha, aendesha mashine ya kupakua mizigo, na likizo yake ni Desemba. Kinya naye ni mtu wa Doha, msimamizi wa zamu katika kitengo cha udobi cha hoteli, amekuja nyumbani kwao Mitunguu kwa likizo ndefu baada ya mkataba kuisha. Hoteli ilitaka jibu lake kabla likizo haijamalizika: atarudi miaka mingine miwili, au nafasi wapewe wengine. Yeye na Njagi walikuwa wamekubaliana jambo moja wakashikana mikono kabisa, kwamba hakuna atakayeamua peke yake. Kurudi nyumbani watarudi pamoja, kubaki watabaki pamoja, na uamuzi utafanyika Desemba wakiwa uso kwa uso.

Sasa jiko lilikuwa limewashwa. Na kama limewashwa, basi Mama Njagi ametoa makaa yake, na Kinya alijua angempa nani. Mama huyo hakuwahi kuficha kwamba anampenda Nelius, msichana wa kwaya ya kanisa lao, Muembu mwenzake, ambaye anajua kuchuma kahawa na hajawahi kupanda ndege.

Lakini kilichomchoma Kinya zaidi ni kitenge. Alikinunua mwenyewe Meru mjini, duka la karibu na soko la Gakoromone, akakikata vipande viwili. Kimoja alishona rinda, akalivaa siku alipopelekwa kuonyeshwa kwa Mama Njagi. Kingine alimpa Njagi. Kule Doha wanaume hulala wengi chumba kimoja, vitanda vya kupandana, na kila mmoja hutundika pazia kuzunguka kitanda chake apate mahali pa kuitwa pake. Pazia la Njagi lilikuwa wale tausi. Kila alipompigia simu ya video, tausi walikuwa nyuma ya kichwa chake, na Kinya alipowaona alijisikia kama naye yuko ndani ya kijichumba kile, magoti yamegusana.

"Pengine ni cha mtu mwingine," alisema.

"Pengine," Joyline akakubali, kwa sauti ya mtu asiyekubali.

*

Alimpigia alasiri hiyo hiyo, ameketi kivulini nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya baba yake. Njagi alipokea upesi. Uso wake ulijaa kioo cha simu, ndevu zimeota kidogo, na nyuma yake tausi walikuwa pale pale wanapokaa siku zote. Kinya alishusha pumzi. Kisha akajiuliza mbona ameshusha pumzi mapema hivyo.

"Uko wapi?"

"Kitandani. Wapi tena? Nimetoka kazini sasa hivi," Njagi alisema. "Umeniangalia namna hiyo kwa nini? Nimekonda?"

"Umenenepa."

"Basi ni wewe unaniombea."

Alicheka, na Kinya akacheka naye, maana kicheko cha Njagi kilikuwa na tabia ya kumvuta mtu mkono. Wakaingia katika mchezo wao. Ijumaa za Doha, siku ya mapumziko, walizoea kukaa kwenye ukuta wa bahari, na mmoja akitaja kitu cha nyumbani anachokitamani, mwenzake lazima ataje kitu cha kule atakachokikosa. Hivyo ndivyo walivyolipima jambo lao, kitu kwa kitu, na mara zote mizani ilikataa kulala upande wowote. Siku hiyo Njagi alitaja harufu ya kahawa ikichanua. Kinya alipaswa kutaja kitu cha Doha. Hakukitaja, kwa sababu kulikuwa na sauti.

Ilianza chini, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo. Ikaongezeka. Ikawa nzito mpaka Njagi akalazimika kupaza sauti.

"Ni nini hiyo?" Kinya aliuliza.

"Eesi, hii mashine ya baridi. Imeharibika tena, inatupigia kelele usiku na mchana."

"Pole. Niitie Gitari nimsalimie." Gitari ndiye aliyelala kitanda cha juu yake.

"Gitari yuko zamu."

"Basi geuza simu nione dirishani. Nione Doha kidogo, nimeisahau."

Njagi alisema kitu ambacho hakikusikika, uso ukagandia kwenye kioo mdomo wazi, simu ikakatika. Alipopigiwa tena hakupatikana.

Kinya alikaa na simu magotini. Mitunguu kulikuwa na jua kali, mipira ya kunyunyizia maji ikizunguka katika migomba ya watu. Alitembea mpaka mwisho wa shamba, akatazama upande wa Chuka na kule mbele yake, upande wa Embu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka chini, meusi, na chini yake anga lilikuwa limechorwa mistari. Mashine ya baridi haina upepo wa kuikuza na kuipunguza. Yeye amezaliwa chini ya mabati, amelala chini ya mabati maisha yake yote kabla ya Doha. Mvua ya mabatini huwezi kumwambia mtu kama yeye ni kitu kingine.

Basi Njagi hakuwa Doha. Yuko Kenya, amekuja bila neno, na jikoni kwake kunawaka.

*

Baba yake, mzee Muthamia, alipoambiwa kwamba binti yake anakwenda Karurumo na kanta ya Joyline ya kubebea ndizi, alitua kijiko chake. Hakumzuia. Alisema tu kwamba kwao msichana hajipeleki mwenyewe, na kwamba tangu mwanzo yeye hakuona sababu ya kuvuka mito yote hiyo kutafuta mwanamume, kana kwamba Imenti nzima waliisha. Kinya alimjibu kwamba haendi kuolewa. Anakwenda kuangalia.

Alivaa rinda la tausi. Joyline alipomwona akipanda mbele ya kanta na rinda hilo alifungua mdomo, akaufunga, na njia yote akaongea habari za mbolea.

Kinya hakuanzia kwenye nyumba ya bluu, ingawa moyo ulimvuta huko. Mwanamke ambaye hajaletwa hawezi kuingia kiwanja kile kabla ya kupita kwa mama. Aliachwa barabarani, akateremka peke yake mpaka kwa Mama Njagi, ambaye jina lake ni Eunice lakini hakuna aliyethubutu kulitumia.

Alimkuta ameketi uani juu ya gunia, akichambua kahawa, nyekundu upande huu, mbichi upande ule. Mikono haikusimama.

"Hodi kwa mama."

"Umekuja." Hakusema karibu. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini. Mtu akishajiwashia, anaona hana haja ya kupita kwa wenyewe."

Kinya alisimama na mkoba wake. Aliyasikia maneno lakini hayakuingia mahali. Akadhani mama anamwahi, maana kuna watu ambao ukitaka kuwashtaki wanakushtaki wao kwanza.

"Nimesikia kuna moto kule ng'ambo," alisema.

"Umesikia."

"Nimeambiwa na mtu aliyeona kwa macho."

"Mimi pia nimeona kwa macho. Kijiji kizima kimeona. Nakwenda kanisani, wananiuliza, Mama Njagi, mbona hukutuita tuje kuimba siku ya kutoa makaa? Niwaambie nini? Ati mkaza mwana amekuja usiku na kiberiti chake mfukoni?" Punje mbichi ilianguka upande wa nyekundu, akairudisha. "Mmeru hata ukimfundisha. Nilisema tangu siku ya kwanza."

"Mama, mimi nimelala kwa baba yangu Mitunguu tangu nitoke Doha."

"Na nguo yako nayo ililala Mitunguu? Hiyo uliyovaa. Ilikuwa kwa waya pale juu, nimeihesabu mikia ya ndege wake nikiwa hapa hapa."

"Hii haijawahi kufika kwa waya ile."

Waliangaliana kwa mara ya kwanza. Mama Njagi alikuwa na macho ya mwanawe, makubwa, yenye kope nzito, na Kinya alichukia kwamba hata katika hasira aliyaona mazuri. Akaamua kuuliza lile alilolibeba kutoka nyumbani.

"Nelius hajambo?"

"Nelius yupi?"

"Wa kwaya."

"Nelius ameolewa Siakago. Nilimpelekea sufuria mbili siku ya harusi." Mama akakunja uso. Polepole alianza kuelewa alichoulizwa, na kwa kweli alionekana kuumia. "Ulifikiri nimetoa makaa yangu kwa mtu mwingine? Kijana wangu akiwa mbali, ameniambia nimngoje? Hivyo ndivyo unavyonijua?"

"Na wewe mama ulifikiri mimi najiwashia moto kama mwizi. Hivyo ndivyo unavyonijua?"

Kuku alikuja akadonoa kahawa, akaikataa. Mama Njagi ndiye aliyesema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, kwamba kama si yule na si huyu, basi kuna mwizi wa kweli ndani ya nyumba ya mwanawe, na Njagi alimpigia jana asubuhi akamwambia Doha kuna joto la kuua.

"Jana alasiri hapa mvua ilinyesha?" Kinya aliuliza.

"Ilinyesha. Ilikuja na nguvu, ikaisha mara moja."

"Ilikuja na nguvu ikaisha mara moja," Kinya akarudia. Alikuwa amejua, lakini kujua peke yako na kujua mbele ya mwenzako ni vitu viwili. "Mama, niliisikia hiyo mvua. Niliisikia kwa simu ya Njagi. Kijana wako hayuko Doha."

Mama Njagi aliweka mikono yote miwili juu ya kahawa. Na kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akisikiliza, ng'ambo ya kijito, nyuma ya mabati ya bluu, moshi ulianza kutoka.

*

Walivuka pamoja. Penye mawe ya kuvukia mama alishika bega la Kinya, akaliachia walipofika upande wa pili. Waya ilikuwa tupu. Geti halikufungwa kwa kufuli. Mlangoni mwa jiko mama alisimama, hakutaka mguu wake uingie mahali ambapo moto haukutoka kwake, kwa hiyo Kinya ndiye aliyechungulia.

Njagi alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga matatu, amevaa jaketi la kazi la Doha lenye mistari inayong'aa, anapuliza. Alikuwa amejaza matawi mabichi ya mgrevilea, majani yakiwa bado juu yake, na yalikuwa yanamtoa machozi bila kushika moto. Kando ya goti kulikuwa na njiti za kiberiti zilizoungua nusu, nyingi kama za mtoto anayecheza. Miaka ya gesi na umeme ilikuwa imemwondolea mikono ya kijijini. Mtu anayejua kuwasha angewasha kwa kuni kavu, moshi ukatoka kidogo na kuisha, na Joyline asingekuwa na habari ya kubeba. Yeye alikuwa amesahau kuwasha, na kibaya zaidi amesahau kwamba huku moshi unasomwa.

"Utaipofua nyumba," Kinya alisema.

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, machozi yametengeneza njia kwenye masizi. Kwa kitambo Kinya alisahau kila kitu, akataka tu kumfuta uso kwa upindo wa rinda lake. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Akaushusha.

"Kinya," alisema Njagi. Kisha akamwona mama yake nyuma yake. "Mami."

Mama alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayehakikisha kwamba vyote vimerudi. Hakumkumbatia. Alisema, "Huo wa kiberiti si moto wa nyumba. Ni wa chai." Akageuka, akateremka kuelekea kijitoni, mgongo umenyooka. Wote wawili walidhani amekasirika.

Kinya hakungoja maelezo. Aliingia ndani ya nyumba, akapita vyumba vitupu vinavyonuka simiti, viatu vyake vikisikika kila mahali. Alikuwa akitafuta kikombe cha pili, kandambili za kike, unywele wa bandia. Chumba cha mwisho ndicho kilichokuwa na dalili ya mtu. Godoro chini, mkoba mmoja, sufuria moja, kikombe kimoja. Na ukutani, juu ya godoro, kitenge cha tausi kimepigiliwa misumari kikavutwa sawasawa, na mbele yake debe, na juu ya debe jiwe la kuegemezea simu.

Akainama mbele ya jiwe lile, akatazama kama simu inavyotazama. Pale pale palikuwa Doha. Hata taa alikuwa ameitafuta nyeupe kama ya kule.

Alikuwa amejitayarisha kwa mwanamke. Tangu Mitunguu alikuwa amepanga atakavyomtazama, maneno gani atasema na gani atayameza. Hili hakulipanga. Mwanamke mwingine angekuwa tamaa, na tamaa mtu anaielewa. Hapa palikuwa na misumari, mtu ameishika mmoja mmoja, amepima urefu, amerudi nyuma akaangalia kama Kinya ataamini.

Njagi alikuwa amesimama mlangoni.

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Nilikuja nyuma yako kidogo tu. Mkataba wangu niliuacha." Alijipangusa uso kwa mkono, akazidi kujichafua. "Sina mtu, Kinya. Uliza yeyote. Nilikuwa natoka na helmeti kichwani nikienda dukani Runyenjes, nisijulikane. Nimekula mkate mpaka nimechoka."

"Sijauliza habari ya mkate."

"Nilitaka nijaribu kwanza peke yangu. Tulipima, tukapima, kila Ijumaa. Lakini tulikuwa tunapima maneno. Mimi nikasema wacha nilale hapa kweli, niamke hapa, nione kama naweza kukaa bila kutamani kule. Kwa sababu wewe wamekupa cheo. Nikikuambia acha, halafu mimi mwenyewe nishindwe, ningekuwa nimekuharibia."

"Ungeshindwa ungefanya nini?"

Njagi hakutegemea swali hilo. Alitazama kitenge.

"Ungerudi Doha," Kinya alimsaidia. "Ungefika kabla yangu. Ungetundika pazia letu pale pale, na mimi ningekuja Ijumaa tukae ukutani, nikuambie mvua ya nyumbani naitamani. Na wewe ungecheka."

"Ningekuambia siku moja."

"Ipi?"

Njagi akasogea, akashika kidole cha mwisho cha Kinya tu, kama walivyozoea kule barabarani ambako kushikana mkono hadharani kulikuwa na shida. Kinya hakukitoa kidole. Hiyo ndiyo aibu iliyomshika baadaye, kwamba hakukitoa.

"Nimeweza," Njagi alisema kwa sauti ndogo. "Hicho ndicho nilitaka kukuambia Desemba. Hata na moshi, hata na mkate. Naamka nasikia watu wakienda kuchuma kahawa, wanaongea Kiembu, na mimi niko hapa dirishani kama mfungwa, lakini nimetulia. Nilichokosa ni wewe tu. Jana mvua ilipokuja nilitaka kukuambia, Kinya, sikiliza, inanyesha kwetu. Ikanibidi niseme eesi."

Alisema hivyo macho yakiwa yamejaa, na safari hii hakukuwa na moshi chumbani. Kinya alimtazama kwa makini. Alitafuta katika uso ule kitu cha kuutenganisha na uso wa jana, ule uliosema uko kitandani umetoka kazini. Jana pia macho yalikuwa haya haya. Jana pia sauti ilikuwa hii, laini, ya kumvuta mtu mkono. Alitafuta tofauti hata ndogo, na hakuipata.

Nje walisikia hatua. Walipotoka walimkuta Mama Njagi uani, amevuka kijito kwenda na kurudi bila wao kujua, anahema. Mikononi alikuwa na kigae cha chungu, na juu yake makaa yanawaka mekundu.

"Toa ule uchafu," alimwambia mwanawe, akielekeza jikoni kwa kidevu. "Mwaga maji, ufagie majivu yako, yatupe mbali."

Njagi alikimbia. Walisikia maji yakilia juu ya kuni mbichi. Kwa muda ule mfupi wanawake wawili walibaki na makaa katikati yao.

"Nilikukosea," mama alisema. Halikuwa neno alilozoea, lilitoka kama mwiba. "Ungekuwa wa kujiwashia, ungejiwashia. Umekuja kwangu kwanza, umeniuliza usoni. Nelius asingeniuliza."

Kinya alisema asante mama. Lakini macho yake, ambayo hayakujua kupumzika, yaliona pia lile ambalo mama hakulisema. Kijana amerudi. Mwanamke akipanda ndege, kijana naye atapanda, kesho au mwaka ujao. Makaa haya yalikuwa ya kumpokea Kinya, na yalikuwa pia kamba ya kumfunga Njagi mguu. Yote mawili yalikuwa kweli, katika kigae kimoja.

Njagi alitoka na fagio, akasimama kando ya mama yake. Walifanana sana wakiwa hivyo, macho yale manne yenye kope nzito. Mfukoni mwa Kinya simu ilitetemeka, ikanyamaza. Inaweza kuwa hoteli. Inaweza kuwa Joyline, anataka kujua.

"Usirudi Doha," Njagi alisema. "Tafadhali. Sikuambii kama mtu wa kuamua. Nakuomba."

Mama alinyoosha kigae. Udongo ulikuwa umeanza kushika joto, akakihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha tena kulia, bila kukirudisha nyuma.

Kinya aliyatazama makaa. Alifikiria ukuta wa bahari siku ya Ijumaa. Alifikiria misumari. Upepo mdogo ulipita kutoka kijitoni, makaa yakawaka zaidi kwa kitambo, halafu lile la pembeni likaanza kuvaa majivu, na la pili yake, Kinya akiwa hajanyoosha mkono, na mama akahamisha wake tena.